Makro ya Kuorodhesha Mafaili: Namna ya Kuijua Iliyo Nzuri

Karibu kila ofisi inayotumia Excel ina makro yake ya kuorodhesha mafaili. Unaielekeza kwenye folda, unabonyeza kitufe, ukurasa unajaa: jina, ukubwa, tarehe ya kubadilishwa, pengine na jina la mwandishi. Mhasibu anatafutia ankara za mwaka, karani wa masjala anakabidhia ofisi, mkaguzi anaomba orodha hiyo kabla hajavuta kiti. Makro hizi hurithiwa kwa flashi, hazijulikani zimeandikwa na nani, na kwa nje zote zinafanana. Ubora wake haupimwi kwa yale iliyoyaorodhesha. Unapimwa kwa yale iliyoshindwa kuyasoma: je, ilisema imeshindwa?

Anza na jedwali. Msimbo utaufungua baadaye. Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, na Windows itakutajia idadi ya mafaili na folda zilizomo, pamoja na yaliyofichwa. Linganisha idadi hiyo na mistari ya jedwali lako. Ikiwa jedwali limepungukiwa, huenda makro haikushuka kwenye folda za ndani, au iliyaruka mafaili fiche, au iligonga mlango uliofungwa ikageuka kimya kimya. Ikiwa limezidi, tafuta mstari wenye nukta moja tu au nukta mbili: hizo ni alama za folda yenyewe na folda iliyo juu yake, na mwandishi aliyeziacha zihesabiwe hakuwahi kuitazama kazi yake. Yapo pia majina yanayoanza na ~$. Hayo ni mafaili madogo ambayo Word na Excel huyaunda mtu anapofungua waraka, na hubaki yatima umeme ukikatika kabla ya kufunga. Makro nzuri huyaacha nje au huyawekea alama. Mbaya huyachanganya na nyaraka, na mkaguzi anauliza waraka usiokuwapo.

Kisha tazama majina. Folda iitwayo 03-2024 ikiandikwa kwenye seli ya kawaida, Excel huigeuza kuwa tarehe. Faili lisilo na kiambishi, jina lake 0012, linabaki 12. Dawa ni ndogo mno: kuipa safu ya majina umbo la maandishi kabla ya kuandika chochote. Mimi hutazama hapo mapema sana, kwa sababu mtu aliyekumbuka jambo hilo huwa amekumbuka na mengine.

Tarehe zinataka muda zaidi. Kwanza, je, ni tarehe au ni picha ya tarehe? Andika =ISNUMBER kwenye seli ya pembeni uielekeze huko. Ikijibu hapana, umepewa maandishi: hayapangiki kwa mfuatano wa siku wala hayatoi idadi ya siku kati ya faili moja na jingine. Pili, hakikisha siku na mwezi havijabadilishana. Mwandishi akiigeuza tarehe kuwa maandishi kwa Format ndipo aiweke kwenye seli, Excel inayopokea kutoka VBA huyasoma maandishi hayo kwa mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza. Tarehe 3 Aprili, iliyoandikwa 03/04, inageuka 4 Machi. Ubaya wa kasoro hii ni kwamba kuanzia tarehe 13 inajificha, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Mtu anayekagua mistari michache na kukuta 25/04 anaridhika, kumbe nusu ya kwanza ya kila mwezi imevurugika. Makro safi huipeleka tarehe kwenye seli kama tarehe, na kuiachia seli ishughulikie mwonekano.

Tatu, ni tarehe ipi? Windows hutunza tatu: ya kuundwa, ya kubadilishwa na ya kufunguliwa mwisho. Ukinakili faili kutoka flashi kwenda kompyuta, nakala hupata tarehe mpya ya kuundwa lakini hubaki na ile ya zamani ya kubadilishwa. Ndiyo maana mara nyingi utaona faili "limeundwa" mwaka huu na "kubadilishwa" miaka mitano iliyopita. Halina uchawi, limehamishwa. Jedwali lenye safu moja tu iliyoandikwa "Tarehe", bila kusema ipi, silikubali hata kama mengine yote ni sawa. Ile ya kufunguliwa mwisho ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi: Windows Vista ilizima uandishi wake kwa kawaida, na kompyuta za leo hutofautiana kwa jambo hilo. Anayetaka kumwajibisha mtu kwa kusema "hukulifungua faili hili tangu Juni" kwa kutegemea safu hiyo atafute ushahidi mwingine. Na ukikuta mistari ya kurekebisha saa moja ya majira ya joto, makro hiyo imesafiri kutoka Ulaya au Marekani. Dar es Salaam na Nairobi ziko UTC+3 mwaka mzima; huku marekebisho hayo huharibu saa iliyokuwa sahihi.

Ukubwa ni suala jepesi. Ukikuta "1.2 MB" ndani ya seli, umepewa neno, na maneno hayajumlishwi. Idadi ya baiti iandikwe kama namba kamili, na umbo la seli ndilo limfupishie msomaji.

Sasa fungua msimbo kwa Alt na F11. VBA iliingia Excel mwaka 1993, toleo la 5, na tangu hapo pamejengeka shule tatu za kusoma folda. Ukiijua makro ni ya shule gani, umekwisha jua itaangukia wapi.

Shule ya kwanza ni ya Dir, ikisaidiwa na FileLen na FileDateTime. Ni nyepesi, haihitaji kitu cha nje, na kwa folda moja yenye majina ya kawaida inatosha kabisa. Lakini Dir ina kumbukumbu moja tu. Ukiiita kwa folda ya ndani kabla hujamaliza ya nje, inasahau ilipokuwa. Makro ya Dir inayoshuka ngazi kwa ngazi bila kukusanya kwanza majina ya folda ni ya kurudishwa hapo hapo. Ukiiomba *.xls, kwenye diski nyingi itakuletea na .xlsx, kwa sababu hulinganisha pia majina mafupi ya enzi za DOS. Isipoambiwa, haioni mafaili fiche. Herufi zilizo nje ya mpangilio wa lugha wa kompyuta inazigeuza alama za kuuliza, basi jina la faili lililoandikwa kwa hati ya Kiarabu linarudi kama ????. Naye FileLen akikutana na video inayozidi gigabaiti mbili hutoa namba ya uongo, pengine hasi.

Ya pili ni ya FileSystemObject, na ndiyo ninayoipendelea. Inashuka ngazi bila kujisahau, inazijua tarehe zote tatu, haitishwi na mafaili makubwa wala na hati za Kiarabu. Angalia namna ilivyoitwa. Makro inayotumia CreateObject inahama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine bila mtu kwenda kuweka tiki kwenye orodha ya marejeo, na kwa kitu kitakachozunguka ofisini huo ndio uamuzi wa busara. Kwenye Mac haifanyi kazi, basi mwandishi mwungwana hulisema hilo juu kabisa ya msimbo. Epuka makro inayomwomba Folder.Size kwa kila folda: hutembea kila pembe ya ndani kwanza, na pembe moja tu ikikataa, jibu zima linakataliwa.

Ya tatu, ya Shell.Application, ndiyo yenye utajiri na ndiyo yenye mitego. Kwa GetDetailsOf unapata mwandishi, mmiliki, urefu wa wimbo, tarehe ya kupigwa picha. Kila taarifa huombwa kwa namba, na namba hizo hubadilika toleo la Windows likibadilika. Mmiliki alikuwa namba 8 kwenye XP, akawa 10 kwenye Windows 7. Mwandishi alitoka 9 akaenda 20. Ukiona namba tupu imekaa ndani ya msimbo bila maelezo, ujue siku moja safu ya "Mwandishi" itajaa kitu kingine kabisa wala hakuna kengele itakayolia. Fundi wa kweli huisoma kwanza mistari ya vichwa, akatafuta namba kwa jina. Hata ukimpata huyo mwandishi, mpokee kwa tahadhari: mara nyingi ni jina la aliyetengeneza kiolezo miaka mingi nyuma, ambaye kila barua ya ofisi bado inambeba.

Shule yoyote iwayo, macho yangu mwishowe hutafuta maneno manne: On Error Resume Next. Maana yake ni kwamba kosa likitokea, endelea kana kwamba halikutokea. Si dhambi kuyatumia. Dhambi ni kuyaweka juu ya msimbo mzima na kuondoka. Fuatilia kinachotokea. Makro inasoma faili la kwanza, inaweka ukubwa na tarehe kwenye vigeu vyake, inaandika mstari. Inafika faili la pili, lenye jina lile la Kiarabu lililogeuka alama za kuuliza. FileLen inashindwa, kosa linamezwa, na vigeu bado vimeshika thamani za faili la kwanza. Mstari wa pili unaandikwa kwa ukubwa na tarehe za jirani yake. Huo si upungufu tena, ni taarifa ya kughushi, na imetoka kwenye mashine ambayo kila mtu ofisini anaiamini. Ishara yake kwenye jedwali ni mistari miwili iliyofuatana yenye ukubwa uleule na tarehe ileile hadi sekunde. Ukiiona, usiirekebishe orodha. Itupe, maana hujui ni mistari mingapi mingine imepata thamani za kuazima.

Karani wa bandarini akikuta gunia asiloweza kulipima hulitaja kwenye karatasi yake, akaandika kwamba halikupimwa. Makro ifanye hivyohivyo: vigeu vifutwe kabla ya kila faili, kosa likamatwe palepale, na mstari wa faili lililoshindikana ubaki, jina likiwa mahali pake na safu ya mwisho ikieleza sababu. "Ruhusa imekataliwa", ambalo ni kosa namba 70, na "njia haikupatikana", namba 76, ndiyo utakayokutana nayo zaidi. La pili mara nyingi halina maana kwamba folda haipo. Njia yake imezidi herufi 260, jambo rahisi sana kwenye seva ambako watu huziita folda kwa sentensi nzima. Ruhusa nayo hukataliwa hata kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa kuwa Windows imetawanya viungo vinavyofanana na folda lakini vinaelekeza kwingine. Sifa yavyo hubeba thamani 1024, na makro iliyokomaa huviruka kwa kuvitaja, isije ikazunguka humo.

Kasi nitaisema kwa kifupi. Orodha ijengwe kwenye kumbukumbu na imwagwe kwenye ukurasa mara moja, isiandikwe seli kwa seli. Kihesabu kiwe Long, kwani Integer hufa baada ya 32,767. Na kama makro inazima ukokotoaji, iurudishe hata ikianguka katikati. La sivyo, vitabu vingine vilivyo wazi vitaonyesha majumla ya jana.

Kuna maneno ambayo hayana kazi ndani ya makro ya kusoma taarifa: Kill, DeleteFile, na Shell iliyo peke yake (si Shell.Application). Ukiyakuta, uliza yanafanya nini kabla hujabonyeza chochote. Workbooks.Open nayo ni ya kuangaliwa, kwa kuwa kufungua kitabu huamsha makro zilizomo ndani yake. Inapolazimu, kifunguliwe kwa kusoma tu, na AutomationSecurity iwe imefunga makro za wageni. Tangu 2022 Excel huzuia yenyewe makro zilizotoka intaneti. Anayekuelekeza ulegeze ulinzi wote wa programu ili makro yake moja ifanye kazi amekwisha jieleza ni fundi wa aina gani.

Mara nyingine hukumu yangu ni kwamba makro yenyewe haikuhitajika. Power Query, iliyomo ndani ya Excel tangu 2016, husoma folda pamoja na za ndani, hutoa jina, kiambishi, tarehe zote tatu na sifa, na husasishwa kwa kubonyeza mara moja. Ikiwa hicho ndicho kinachotakiwa, mistari mia mbili ya VBA ni mapambo. Makro inastahili nafasi yake pale unapotaka mmiliki, au daftari la makosa, au orodha inayoanza yenyewe bila mtu kuigusa.

Anayetaka uhakika atengeneze folda ya mtihani na kuitunza. Weka humo faili la baiti sifuri, faili fiche, folda iitwayo 03-2024, jina la hati ya Kiarabu, video inayozidi gigabaiti mbili, waraka wa zamani ulionakiliwa leo, folda tupu, folda uliyojinyima ruhusa, na njia inayopita herufi 260. Endesha makro na usome kila mstari. Halafu iendeshe tena kwenye folda nyingine yenye mafaili matatu tu, uteremke hadi mstari wa nne. Ukikuta mafaili ya folda ya kwanza bado yamekaa pale, mwandishi hakufuta ukurasa kabla ya kuandika upya, na kila orodha ambayo ofisi imewahi kuitoa kwa makro hiyo inahitaji kuhesabiwa tena.