Ngonjera, jukwaa la kwanza
Ngonjera ni shairi la majibizano linaloigizwa: mmoja anauliza au anabisha, mwenzake anajibu, hadi wakubaliane. Aliyezipa umaarufu ni Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917. Kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA (Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania) kilitoka mwaka 1970, yeye akiwa ameshafariki. Baada ya Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, ngonjera zilienea shuleni, mchezo mfupi usiodai pazia wala taa.

Mwigizaji wa ridhaa huanzia hapo. Uwanjani, upepo wa Dodoma ukitimua vumbi, mtoto aliyepewa nafasi ya mzee hubandikwa ndevu za pamba, hushikishwa bakora, kisha ubeti wa tatu humtoka kichwani mbele ya mgeni rasmi. Mwenzake humnong'oneza neno moja tu. Vina humrudishia yaliyobaki.

Wapo waliozikosoa ngonjera kwa kuimba siasa kama kasuku, na si bure. Lakini kwa ufundi wa jukwaani hazina deni: mtoto aliyezipitia hupaza sauti ikafika nyuma ya mstari wa mwisho bila maikrofoni, na hujua kumsikiliza mpinzani mpaka amalize.