Lepe la Sekunde Tatu

Baada ya kukesha tunasema hatukupata hata lepe la usingizi. Dereva anayetoka Nyeri na kufika Thika saa kumi alfajiri hulipata bila kulitafuta, mikono ikiwa kwenye usukani. Kona zimekwisha, mteremko wa mto Chania penye Blue Post ameuvuka, na sasa barabara ni pana hadi Ruiru. Hapo ndipo ninapomhofia zaidi. Ubongo usio na kazi, katika saa ambayo mwili unadai usingizi, hujizima kwa sekunde moja hadi kumi na tano hivi. Matatu ikienda kilomita 80 kwa saa, lepe la sekunde tatu humeza mita 67 hivi.

Dereva mwenyewe si shahidi, kwani mara nyingi hajui kama alilala. Miaka ya 1990, mtafiti Walter Wierwille na wenzake huko Virginia, Marekani, walizigeukia kope. Walihesabu ni sehemu gani ya muda kope zimefunika angalau asilimia 80 ya mboni. Kupepesa kwa kawaida hakumo. Zinazohesabiwa ni kope zinazoteremka polepole na kuchelewa kupanda.

Kuzipima gizani kulihitaji ufundi ninaoustahi sana. Richard Grace wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na wenzake waliupiga uso wa dereva picha mbili kwa mpigo, kwa mwanga wa infraredi ambao hauonekani. Mwanga wa nanomita 850 hurudishwa na retina, mboni zikang'aa kama macho ya paka mbele ya taa za gari. Ule wa 950 humezwa na maji ya jicho, mboni zikafifia. Mengine yote usoni yanafanana. Picha moja ikitolewa kwenye nyingine, hubaki vidoa viwili. Vikipotea, macho yamefumba.

Jua likichomoza, kazi ya kamera hiyo huwa ngumu. Tena kuna lepe la macho wazi, ambalo kope hazilisemi. Hapo usukani husaidia: aliye macho huurekebisha kidogo kidogo bila kukoma, aliyezimika huuacha utulie kisha huuvuta ghafla.

Sheria ya Kenya inamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya jumla ya saa 8 katika saa 24. Haiulizi alilala kiasi gani kabla ya kuwasha gari. Matatu ninazopanda hazina kamera kama hiyo, na makanga yuko mlangoni, haoni macho ya dereva. Basi mimi hukaa kiti cha mbele. Miayo siijali sana. Natazama kope, hasa tukishapita Juja.