Isingiro Ipi? Sifa za Fundi wa Taarifa za Tahadhari

Ng'ambo ya Mto Kagera, mkabala na Murongo, Uganda wana wilaya iitwayo Isingiro. Upande wetu wa Tanzania, wilaya ya Kyerwa nayo ina kata ya Isingiro. Sasa mhudumu wa afya akituma ujumbe usemao "homa na kutokwa damu, Isingiro", aliyeupokea aelekee wapi? Ujumbe umefika, ila haujamwezesha mtu kufunga safari. Hapo ndipo inapoonekana thamani ya fundi ninayemsifu leo: yule anayeamua, ndani ya mfumo wa tahadhari, ni taarifa zipi ziandamane na kengele, zichotwe wapi na zipangwe vipi.

Muuguzi wa zahanati hujaza anayoyaona: dalili, umri, siku ugonjwa ulipoanza. Mengine mfumo unayajua tayari: akaunti iliyotumika, kituo ilikosajiliwa, wakati wa kutuma. Fundi huyachota yote hayo na kuyapanga kwenye kiolezo, ili ujumbe mmoja umwendee mganga mkuu wa wilaya ukiwa umejitosheleza. Tanzania ina mfumo wa namna hiyo, eIDSR, uliojengwa juu ya programu ya taarifa za afya ya DHIS2, na hupokea taarifa hata kutoka simu ya kitochi.

Umahiri wa fundi huonekana kwenye mambo madogo. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwa hiyo hategemei jina la wilaya peke yake. Hushika namba ya utambulisho ya kituo, ambayo mipaka ikihama yenyewe hubaki. Anajua kwamba saa mbili usiku ya muuguzi ni saa 20:00 ya kompyuta. Anajua kuwa saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na simu ya mpakani ikidaka mtandao wa jirani huweza kubadili saa yake. Basi huamini saa ya seva. Umri usipojazwa haweki sifuri, maana sifuri ni mtoto mchanga, huandika "haijulikani". Na namba ya jalada ikitosha, jina la mgonjwa haliingii kwenye ujumbe, kwa kuwa siri yake nayo ni sehemu ya matibabu.

Mkoani Kagera tunaujua uzito wa jambo hili. Machi 2023 mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg ulitangazwa katika Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba. Waliougua walikuwa 9, wakafariki 6. Januari 2025 ukatangazwa mwingine Biharamulo, na wote 10, waliothibitishwa na waliodhaniwa, wakafariki. Mwanzoni ugonjwa huo hufanana na malaria. Kinachomshtua mtaalamu ni yale yanayouzunguka: je, kuna mwingine aliyeugua nyumba hiyohiyo? Mgonjwa alimuuguza au kumzika nani? Kiolezo kisicho na nafasi ya majibu hayo humwacha mtaalamu na homa tu mkononi.

Kwa hiyo nawasihi vijana wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda mnaosomea kompyuta: ufundi huu hauna makofi, lakini unaokoa watu. Kabla hujaandika kiolezo, kaa na muuguzi. Muulize mahali pake panaitwaje, wakati anauhesabuje, na ni swali gani daktari humpigia simu kuuliza kila mara. Jibu la swali hilo ndilo la kuweka mwanzo kabisa wa ujumbe.