Mstari wa Mmasedonia, Mstari wa Mperu

Binamu yangu alinitumia jedwali saa nane usiku za kwangu, saa tatu asubuhi za Tanga. Lilikuwa picha ya skrini: orodha ya jamii za wahamiaji wa Marekani, kila moja na kipato cha kaya zake kwa mwaka, iliyopangwa kutoka juu kwenda chini kama matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Alikuwa amezungushia mistari miwili duara jekundu. Juu, Wamasedonia. Hatua nyingi chini yao, Waperu. Akaandika: "Dada, hawa wa juu wana siri gani? Mzee anataka kujua kabla hatujauza kiwanja."

Mzee ni mjomba wangu. Kiwanja kiko Pongwe, na ndicho pekee alichobakiwa nacho baada ya kusomesha watoto wanne. Kuna wakala aliyemwahidi kumpeleka kijana wake Marekani kwa njia ambayo hataki kuieleza kwa simu. Jedwali lilitoka kwa wakala huyo. Lilikuwa tangazo lake la biashara: tazama, watu wa nchi ndogo ya milimani ambayo hata hukuijua wamefika juu, wewe utashindwaje?

Aliniuliza mimi kwa sababu ninaishi Clifton, New Jersey, na jamii zote mbili ni majirani zangu. Nikitembea upande mmoja nafika Garfield, ambako Wamasedonia ni wengi. Upande mwingine naingia Paterson, ambako Waperu wamejaa Market Street hadi nchi yao ikafungua ubalozi mdogo mjini humo. Niliposoma ule ujumbe nilihisi aibu kidogo. Miaka yote hiyo nimekula kuku wao wa kuchoma na kununua mkate wao, na sikuwahi kujiuliza nani kati yao ana nafuu.

Nilisoma fasihi kabla sijajifunza kubeba boksi, kwa hiyo nikaamua kulisoma jedwali kama ninavyosoma hadithi yoyote. Nani anasimulia? Nani yumo na nani kaachwa nje? Kisa kinaanzia wapi?

Msimulizi ni Ofisi ya Sensa ya Marekani. Kila mwaka inatuma dodoso kwenye anwani kama milioni 3.5, na humo watu wanaulizwa mapato yao na asili yao. Ni msimulizi mwangalifu. Hatoi wastani wa kugawanya jumla, ambao tajiri mmoja anaweza kuupandisha. Anazipanga kaya zote kwenye foleni kutoka maskini hadi tajiri, kisha anaitaja iliyo katikati kabisa. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na waliochukua namba zake, wakazipanga juu-chini na kuita matokeo hayo bidii.

Tuanze na nani yumo. Mmasedonia wa jedwali ni mtu yeyote aliyeandika neno hilo kwenye swali la asili. Anaweza kuwa amefika mwaka jana na sanduku moja. Anaweza pia kuwa mwanasheria wa Indiana ambaye babu wa babu yake aliingia kiwanda cha chuma cha Gary. Wamasedonia wa mwanzo walikuja mapema katika karne ya 20, wengi baada ya uasi wa Ilinden wa 1903 dhidi ya Dola ya Uthmaniyya kuzimwa. Walipofika waliandikwa Waturuki, Wabulgaria, Wagiriki au Waserbia, kutegemea karatasi walizobeba na karani aliyewapokea. Kuna wajukuu wao ambao hadi leo wanaandika mojawapo ya majina hayo. Halafu kuna Waalbania waliozaliwa Masedonia, wengine wao majirani zangu hapa hapa, ambao wakiulizwa asili wanaandika Waalbania. Kwa hiyo mstari wa juu una watu waliojichagua kuwamo, na wote kwa pamoja hawafiki laki moja katika nchi nzima.

Waperu ni jambo lingine. Sensa ya 2010 ilihesabu zaidi ya 530,000, na wameongezeka tangu hapo. Zaidi ya nusu yao wamezaliwa nje ya Marekani. Ndani ya mstari mmoja mwembamba kuna daktari wa Lima, mwanamke wa Huancayo anayesafisha ofisi usiku, na kijana asiye na karatasi anayepaka rangi nyumba za watu. Ukiulinganisha mstari huu na ule wa juu, mara nyingi unamlinganisha mtu aliyeshuka kwenye ndege na mjukuu wa aliyeshuka kwenye meli. Ni sawa na kuulaumu mnazi uliopandwa juzi kwa sababu wa jirani una madafu.

Sasa kisa kinaanzia wapi? Jedwali linaanzia kwenye mshahara. Mimi ningeanzia kwenye mlango. Kabla ya sheria ya uhamiaji ya 1965, Yugoslavia nzima, ambayo Masedonia ilikuwa sehemu yake, ilipewa nafasi zisizofika 1,000 kwa mwaka. Nchi za Amerika ya Kusini hazikuwa na ukomo wa idadi. Sheria ile ilifuta mgawo wa kitaifa uliowabana watu wa Balkani, na yenyewe hiyo hiyo ikaweka, kwa mara ya kwanza, ukomo wa watu 120,000 kwa mwaka kwa nchi zote huru za bara la Amerika. Mkono uliomfungulia mmoja mlango ndio uliombania mwingine.

Kuna mlango mwingine ninaoujua zaidi kwa sababu ndio niliopitia. Sheria ya 1990 ilianzisha bahati nasibu ya viza, ile ambayo vibanda vya intaneti Tanga vilikuwa vikitujazia kwa pamoja na picha za pasipoti. Mimi niliingia kwa bahati nasibu ya 2015. Mwaka huo Mmasedonia aliruhusiwa kucheza. Mperu hakuruhusiwa, kwa kuwa nchi iliyokwisha kupeleka zaidi ya wahamiaji 50,000 katika miaka mitano kabla yake inaondolewa kwenye mchezo. Na anayeshinda lazima awe amemaliza sekondari au awe na ujuzi wa kazi wa miaka miwili. Kwa maneno mengine, mlango huu unachuja watu, unawapa karatasi kamili siku ya kwanza, kisha miaka kadhaa baadaye jedwali linakuja kushangaa kwamba wanalipwa vizuri.

Ukitaka kujua kwa nini Waperu walikuwa wengi kiasi hicho, itabidi utazame walichokiacha. Wa kwanza walikuja Paterson miaka ya 1960 kufanya kazi katika viwanda vya nguo, katika mji uliojengwa kando ya maporomoko ya mto Passaic ili maji yaendeshe mashine, mji ulioitwa Mji wa Hariri. Walifika wakati viwanda vinaanza kuzima. Kisha mwaka 1980 vita vya ndani vikaanza kwao, na tume ya ukweli iliyotoa ripoti 2003 ilikadiria kwamba watu karibu 69,000 walikufa au kupotea. Mwaka 1990 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 7,000. Mwaka uliofuata serikali ilileta sarafu mpya, na noti za inti milioni moja zikabadilishwa kwa soli moja. Mama wa Kiperu anayeishi ghorofa ya chini yangu aliniambia baba yake aliuza duka akahifadhi fedha nyumbani, na fedha hizo mwishoni zilinunua kiatu. "Viatu?" nikamuuliza. "Kiatu," akasema, akanyanyua mguu mmoja.

Masedonia nayo haikuwa peponi. Ilitangaza uhuru 1991, ikawekewa vikwazo vya biashara na Ugiriki 1994 kwa ugomvi wa jina, ikapata mapigano ya ndani 2001. Lakini ilitoka Yugoslavia bila vita vilivyoiteketeza Bosnia, na watu wake walikuwa na kitu ambacho jedwali halina safu yake: mazoea ya vizazi vingi ya kwenda kutafuta na kurudi. Wana neno lake, pečalba. Baba anaondoka, anajenga mji wa watu, anatuma fedha, anarudi kujenga kwake. Mwandishi wao Anton Panov aliandika tamthilia juu ya jambo hilo katika miaka ya 1930, Pečalbari, ambamo kijana maskini anaondoka kwenda kutafuta fedha za mahari na madeni, na anafia ugenini. Mtu wa Tanga hahitaji maelezo ya ziada hapo. Ukiondoa majina, ingeweza kuchezwa Makorora kesho jioni na watu wakalia.

Ninaitaja tamthilia hiyo kwa sababu, kama hesabu, ni bora kuliko jedwali. Panov anaonyesha deni. Anaonyesha nani alidai, kiasi kilivyomsukuma mtu njiani, na nani aliyelipa mwishowe. Jedwali linaonyesha fedha zinazoingia kwenye kaya, basi. Halisemi ni watu wangapi wanaoziingiza. Mama wa ghorofa ya chini anakaa na mumewe, mtoto mkubwa na shemeji, na wote wanne wanafanya kazi. Kipato chao wakikijumlisha si kibaya hata kidogo. Ukikigawa kwa vichwa, na kisha kwa saa walizosimama, ni hadithi nyingine. Halisemi kodi ya nyumba ya New Jersey ikoje ikilinganishwa na ya Ohio au Michigan, ambako Wamasedonia wengi wanaishi. Halisemi nani amemaliza kulipia nyumba. Mwenye nyumba wetu ni mzee wa Kimasedonia aliyestaafu, kipato chake cha mwaka ni kidogo kuliko cha wale wanne, na wale wanne ndio wanaompa sehemu ya kipato hicho kila tarehe mosi.

Hapa ningeweza kumaliza kwa kishindo: jedwali ni uongo, tulitupe. Insha nyingi za aina yetu huishia hivyo, kisha mwandishi anakuletea harufu ya chakula. Nami ninazo harufu zangu. Oktoba, Waperu wanaandamana kwa mavazi ya zambarau kumtukuza Bwana wa Miujiza, na siku hizo hizo gereji za Wamasedonia zinafuka moshi wa pilipili nyekundu zinazochomwa kwa ajili ya ajvar ya msimu mzima. Ningeweza pia kukueleza kwamba Waperu wana junta, ambayo ni upatu wetu mtupu, wenye kijumbe, zamu na magomvi yake, na tukakumbatiana kwa udugu wa maskini.

Lakini huo nao ni ukosoaji mbovu. Upatu haulipi bili ya hospitali ya dola elfu kumi na mbili. Mama wa ghorofa ya chini alivunjika mkono msimu wa baridi uliopita, na junta ilimsaidia kodi ya mwezi mmoja. Mwezi wa pili mwanawe aliacha chuo. Pengo lililoko kwenye jedwali lipo kweli, na mtu anaanguka humo. Kosa la jedwali ni kulitaja pengo bila kulitafutia sababu, na kosa la insha tamu ni kulipamba hadi lisionekane. Kati ya hayo mawili, naona la pili ni baya zaidi, kwa kuwa sisi waandishi tunalifanya huku tukijiona tuko upande wa watu.

Nilimwandikia binamu ujumbe mrefu. Nikamwambia hakuna siri. Kuna tarehe ya kufika, kuna karatasi mkononi, kuna aliyekutangulia na nyumba aliyoinunua wakati nyumba zinanunulika. Bidii ipo kwenye mistari yote miwili, na ndiyo sababu haiwezi kueleza tofauti yao. Nikamwambia kwamba njia ya wakala, inavyosikika, ni ya kumwingiza bila karatasi, na kwamba mtu wa namna hiyo hata mstari wa Mperu haufiki. Anaanzia chini ya karatasi, mahali pasipochapwa. Nikamwomba amwambie mjomba asiuze.

Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu akauliza swali moja tu: "Na sisi Watanzania tuko mstari wa ngapi?"

Nikafungua majedwali ya Ofisi ya Sensa yenyewe, yale ya asili za watu. Mmasedonia ana safu yake. Mkenya yumo, Mganda yumo, Msomali yumo. Nikashuka kwa kidole hadi chini. Sisi tuko kwenye "wengineo".

Nikampigia simu badala ya kuandika. Alicheka sana, cheko lile la utani wa binamu, akasema basi hatujafeli, hatujasahihishwa tu. Kisha akanyamaza, nikasikia jogoo nyuma yake na sauti ya mjomba akiuliza nani huyo. Akasema, "Ni dada. Anasema kiwanja kibaki." Mjomba akachukua simu. Hakuniuliza habari za Wamasedonia. Aliniuliza kama ningeweza kutuma fedha za mbegu na za kuzungushia ua, maana kiwanja kikikaa wazi watu wanakimega. Nikapiga hesabu ya saa nitakazoongeza kazini, nikamwambia ndiyo, mjomba, mwisho wa mwezi.