Shamba la Nabothi: Imani na Matendo katika Ngaahika Ndeenda

Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa kwa Kigikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ambayo msomaji wa Kiswahili aliipata mwaka 1982 kwa jina la Nitaolewa Nikitaka, hutajwa kwanza kuwa mchezo wa kitabaka. Hilo ni haki yake. Kuhusu dini, ni rahisi kusema kwamba waandishi wanaushambulia Ukristo, na kuliacha jambo hapo. Jibu hilo halitoshi. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: mchezo unaipima imani ya Kikristo kwa kipimo gani? Makala hii inashikilia kwamba kipimo chenyewe kimetoka ndani ya Biblia, yaani matendo ya muumini katika mshahara anaolipa, ardhi anayoitamani na jirani anayeishi naye. Na kwamba nguvu ya mchezo pamoja na upungufu wake mkubwa vimo katika kisa kimoja cha Agano la Kale.

Kiini cha hadithi chajulikana. Kiguunda, kibarua asiye na mali ila ekari moja na nusu, ametundika hati ya shamba lake ukutani. Tajiri wake, Ahab Kioi, mzee wa kanisa, anamtembelea pamoja na mkewe Jezebel na wenzao. Kiguunda na mkewe Wangeci wanadhani wageni wamekuja kumposa binti yao Gathoni, kwa kuwa kijana wa Kioi, John Muhuuni, anaonekana naye. Kumbe wamekuja kuwaambia wazazi hao kwamba wanaishi katika dhambi, kwa sababu hawakufunga ndoa kanisani. Harusi yataka fedha, na fedha zatoka benki ambayo Kioi ni mmoja wa wakurugenzi wake. Shamba linawekwa rehani. Gathoni anapata mimba, anakanwa. Kiguunda anafutwa kazi. Shamba linapigwa mnada.

Majina ya Ahab na Jezebel hayakuchaguliwa kwa mzaha tu. Hadhira ya Limuru ilikuwa imesomeshwa Biblia tangu siku za misheni, na majina hayo yaliikumbusha mara moja kisa cha Mfalme Ahabu aliyelitamani shamba la mizabibu la Nabothi, kilichomo katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Nabothi alikataa kuuza kwa sababu shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Yezebeli akaandika barua, akazitia muhuri wa mfalme, akaagiza watu watangaziwe mfungo na Nabothi aketishwe mbele yao. Kisha mashahidi wa uongo wakamsingizia, akauawa kwa mawe. Yafaa kutazama jinsi uovu ule ulivyotendeka: ibada ndiyo iliyotumiwa kama chombo cha kunyang'anya ardhi. Katika Ngaahika Ndeenda mahali pa mfungo pamechukuliwa na harusi, na mahali pa barua zenye muhuri pamechukuliwa na karatasi za benki.

Lakini waandishi hawakunakili tu. Nabothi alikataa akafa. Kiguunda anakubali, akatia sahihi mwenyewe. Hapa pana uchungu mzito kuliko ule wa Biblia. Ahabu wa kale alihitaji mashahidi wa uongo na mawe. Ahab wa leo anahitaji tu kumfanya maskini aione haya ndoa yake halali. Hati ya shamba inabadilishwa kwa cheti cha ndoa. Karatasi kwa karatasi. Ndiyo maana vita vya mchezo huu ni vita vya maana ya maneno. Kwa Kioi, dhambi ni upungufu wa sherehe. Kwa Gicaamba, jirani yake Kiguunda na mfanyakazi wa kiwandani, dhambi ni kumtumikisha mtu mchana na usiku kwa ujira usiomshibisha. Pia waandishi wanaiweka ndoa ya Kigikuyu, pamoja na ngurario yake, kando ya harusi ya keki na suti ambayo Kiguunda na Wangeci wanaiota. Ile ya kwanza ni agano la koo mbili, jamii nzima ikiwa shahidi. Ya pili, jinsi Kioi anavyoiuza, ni deni. Mtazamaji anaachwa aamue mwenyewe ipi kati yake iliyo karibu zaidi na utakatifu.

Hata hivyo, mwenye kukijua kisa cha Nabothi atauliza: Eliya yuko wapi? Katika Biblia kisa hakiishii kwa Ahabu kutwaa shamba. Nabii anamkuta humo humo shambani, anamhukumu kwa jina la Mungu yule yule ambaye mfungo ulitangazwa kwa jina lake. Katika tamthilia hii kazi ya Eliya amepewa Gicaamba, naye anaifanya kwa ufasaha mkubwa. Lakini Gicaamba anasema akiwa nje ya kanisa. Japokuwa anatenganisha Mungu na dini, haonyeshwi mtu yeyote ambaye imani yake imemtuma kugawana na jirani au kumkemea tajiri. Waumini wengine wanaoonekana ni kikundi cha maskini wanaopita wakiimba na kuomba mchango wa kujenga kanisa. Nao wamechorwa kama watu waliolewa dini, si kama watu wenye fikra. Kioi naye ni mhusika bapa: jina lake limemhukumu kabla hajafungua kinywa. Unafiki ulio wazi hivyo haumtishi mnafiki aliyeketi miongoni mwa watazamaji, maana hatajitambua.

Upungufu huo si wa fani peke yake; unaihusu kweli pia. Mwaka 1969, viapo vya siri vilipoenea katika sehemu hizo hizo za Kiambu, walikuwapo waumini wa Kanisa la Presbiteri waliokataa kula kiapo, wakapigwa, na viongozi wa kanisa lao wakakemea hadharani. Mwaka 1974 Askofu Henry Okullu alichapisha kitabu kuhusu kanisa na siasa katika Afrika Mashariki. Na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa michango ya fedha ambayo Rais alikuwa ameitoa katika kanisa la Soweto, likaagiza irudishwe. Kanisa linaloirudisha sadaka ya mwenye mamlaka ni jambo ambalo msuko wa Ngaahika Ndeenda hauna nafasi nalo. Hoja si kwamba waandishi walipaswa kulisifu kanisa. Hoja ni kwamba mgogoro ungekuwa mkali zaidi kama Kioi angepingwa na muumini mwenzake, kwa aya zile zile anazozitumia yeye.

Utetezi mmoja wastahili kusikilizwa. Mchezo ulifunguliwa Kamĩrĩĩthũ tarehe 2 Oktoba 1977, siku ya Jumapili, katika uwanja uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Wakulima na wafanyakazi waliufanyia mazoezi, wakausahihisha lugha, wakajitolea bila malipo. Kibali kilifutwa mwezi wa Novemba, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Yaweza kusemwa kwamba ushirika ambao waandishi hawakuuonyesha ndani ya kanisa la mchezo ulikuwa hai nje ya jukwaa, kwa watu waliobebeana mizigo. Utetezi huo una uzito katika historia ya tamthilia. Katika matini hauzibi pengo. Msomaji wa leo hana uwanja wa Kamĩrĩĩthũ mbele yake, kwani ulibomolewa mwaka 1982. Ana kitabu tu, na kitabuni Ahabu ana mke, ana benki na ana kanisa, lakini hana nabii wa kumngojea shambani.