Pongezi kwa Msaga Kingo

Wateja husifu rangi ya geti. Mimi namsifu kijana aliyeinama na grinda kabla rangi haijanunuliwa.

Bamba nene likikatwa kwa gesi, ukingo hubaki na michirizi, makoko ya chuma kilichoyeyuka na ngozi ngumu kuliko bamba lenyewe. Mwenye haraka huchomelea juu ya uchafu huo, nao hufungiwa ndani ya kiungo. Katika karakana za jua kali za Malindi na Kilifi, fundi anayejiheshimu husaga mpaka chuma king'ae. Kisha huinamisha kila ukingo takriban nyuzi 30, mabamba mawili yakikutana yafanye mfereji wa V wa nyuzi 60, moto ufike hadi kwenye shina. Chini huacha ukingo mdogo wa milimita moja au mbili, usije ukatobolewa.

Kingo zisizochomelewa ndizo zinazosahaulika, na kwetu pwani huo ni uzembe mkubwa. Rangi ikikauka hujivuta kutoka kwenye ncha kali na kubaki nyembamba mno. Chumvi ya upepo wa Kusi huanza kula chuma hapo hapo. Ndiyo maana wahandisi hutaka ncha ifanywe mviringo, mara nyingi kwa nusu kipenyo cha milimita 2.

Kazi hii ya kusaga imejaa vumbi, haionekani, na kwenye bei ndiyo ya kwanza kukatwa. Mteja, lipia saa za grinda. Na miwani ya kijana pia.