Kitufe cha hofu na kilo mbili za maharagi

Toka M23 waingie Bukavu Februari 2025, neno moja limekuwa la kila mtu: futa. Futa picha, futa odio, toka ku grupu. Ju ya hiyo nimepima vifaa viwili vya usalama vinavyosemwa sana, nione kama vinamfaa mtu wa Kadutu au Bagira ambaye hakusoma informatiki.

Cha kwanza ni Ripple, programu ya Guardian Project. Ni kitufe kimoja: ukikibonyeza, kinaamuru programu zingine zijifunge ao zifute vitu vyake. Wazo ni zuri, linamfikiria mtu ambaye mkono unatetemeka. Lakini Ripple yenyewe haifuti kitu. Inapiga filimbi tu, na programu zinazoisikia ni chache. WhatsApp, ambayo njo maisha yetu yote, haimo.

Hata ingekuwemo, ujumbe ule ule umebaki ku simu za wenzako wote wa grupu, na pengine ku kopi ya Google Drive. Na simu tupu nayo inasema. Simu isiyo na hata picha moja ya ubatizo, wala salamu ya mama, itamfanya mtu wa barieri aulize mengi zaidi. Kwangu mimi, kufuta kwa dharura ni dawa ya mwisho. Afadhali ujumbe unaojifuta wenyewe kila siku, na WhatsApp inayo hiyo: masaa 24, siku 7 ao siku 90. Unaiweka leo, wakati hakuna anayekukimbiza.

Kuna jambo lingine ambalo maelezo ya programu hizi yanapita mbio. Zamani kufuta ilikuwa kama kupasua ukurasa wa yaliyomo: kitabu chenyewe kinabaki. Simu zilizotoka na Android 10 (2019), hata za bei ndogo, zinafunga data yake kwa ufunguo, kwa hiyo ukiirudisha simu upya, ufunguo unapotea na data haisomeki tena. Lakini kadi ya SD mara nyingi haiko ndani ya ulinzi huo! Na finalisti wetu anaweka wapi odio za wamama waliobakwa, waliokubali kumueleza habari zao kwa ajili ya memuari yake? Ku kadi, ju simu imejaa. Sauti ya yule mama, na jina lake, viko ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha.

Cha pili ni Haven, ya Desemba 2017, ambayo Edward Snowden alishiriki kuiunda. Inageuza simu ya zamani kuwa mlinzi: inasikiliza, inaona, inajua ikisogezwa, kisha inakutumia habari. Akili kubwa, lakini imetungwa kwa mtu aliye peke yake ndani ya chumba cha hoteli, mwenye simu mbili, umeme na mega. Ndani ya nyumba tunamolala watu saba, Haven ni imbwa anayebwekea hata wenye nyumba. Na umeme wa SNEL ukikatika usiku kucha, mlinzi naye analala.

Kumbe kilichonifurahisha zaidi hakina hata programu. Mwaka 2021 kikundi cha Ujerumani, dys2p, kilieleza namna hii: funga kompyuta ndani ya mfuko, iweke ku sanduku linaloonyesha ndani, uizike kwa maharagi ya rangi mbalimbali na mchele, kisha piga picha. Hakuna mtu atakayeweza kuyapanga tena vile vile. Ukirudi, linganisha. Sisi watu wa Kivu, wenye maharagi ya kila rangi sokoni, tunafundishwa hii na Wajerumani!

Haifuti kitu, ni kweli, wala haikusaidii ku barieri. Inakuambia tu kama mtu amegusa, na hapo usiiwashe ile kompyuta, usiingize kode yako. Picha yenyewe utembee nayo, ama umuachie mtu unayemwamini. Ikiwa sawa na sanduku, maharagi yapikwe, kesho utapanga mengine.